Namba Inayomuumbua Mnunuzi: Uchambuzi wa Skrini Tatu za Filamu ya Uhuishaji Kuhusu Viazi vya Uporoto

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu filamu fupi ya uhuishaji iliyotengenezwa na kundi dogo la wachoraji jijini Mbeya, katika chumba cha kupanga maeneo ya Soweto. Kinahusu hasa vitu vitatu ndani ya filamu hiyo ambavyo watazamaji wengi hawavihesabu kuwa ni uchoraji: skrini ya mizani ya kidijitali, skrini ya simu ya vitufe, na ubao wa taa wa mizani ya barabarani. Hadithi yenyewe haina makuu. Mama na binti yake wanalima viazi mviringo kwenye miteremko ya Uporoto. Mnunuzi anafika na lori, anafungasha kwa lumbesa, yaani gunia linaloongezewa kilemba juu na kushonwa likiwa limevimba, kisha analipa kana kwamba amebeba gunia la kilo 100. Msimu huu kikundi cha wakulima kimenunua mizani. Gunia linapandishwa, namba inatokea, na kuanzia hapo jambo lililokuwa likijulikana na mnunuzi peke yake linajulikana na kila mtu aliyesimama uwanjani.

Lumbesa haikubuniwa na mwandishi wa filamu. Ufungashaji wa mazao unaozidi kilo 100 umekatazwa, Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiufuatilia kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Vipimo, na bado yeyote anayepita Uyole wakati wa mavuno atayaona magunia yenyewe bila kuonyeshwa. Kwa sababu hiyo mtazamaji wa Nyanda za Juu Kusini anaingia kwenye filamu akiwa anaujua ubishi wote. Anachokosa ni namba tu. Ndiyo maana ninaichukulia skrini ya mizani kuwa mhusika wa nne wa hadithi hii, na ndiyo maana sehemu kubwa ya uchambuzi huu itakuwa juu yake.

Toleo la kwanza

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa kawaida. Wahusika walichorwa kwa mkono kwenye kompyuta, mchoro mmoja ukikaa fremu mbili (fremu ni picha moja moja zinazounda filamu), kwa hiyo kila sekunde ya fremu 24 ilikuwa na michoro 12. Skrini alipewa kijana mwingine aliyezoea kutengeneza matangazo na vichwa vya video, naye alizijenga katika Blender, programu ya uhuishaji wa kompyuta, kama tabaka linalojitegemea na kulibandika juu ya mchoro wa kifaa. Uamuzi wa kutenganisha tabaka ulikuwa wa busara na uliwaokoa baadaye, kwani namba iliweza kubadilishwa bila kompyuta kulazimika kutengeneza upya picha za ukungu, wahusika na mandhari.

Shoti ya mizani, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ilipewa sekunde tatu, sawa na fremu 72. Gunia linatua fremu ya 10. Kuanzia hapo namba ilipanda kutoka sifuri, ikibadilika kila fremu, kama kaunta ya pampu ya mafuta, mpaka ikafika 136.84 kwenye fremu ya 58 na kubaki hapo hadi mkato. Kwenye kompyuta ya mchoraji ilipendeza sana: tarakimu zilikimbia kwa ulaini, nyekundu ikang'aa, na mng'ao wake ukamwangukia mama usoni.

Filamu ilipoonyeshwa kwa wafanyabiashara wachache wa viazi wa Mwanjelwa, wakiitazama kwenye simu kama watakavyoitazama watu wengi, walisema wameona "namba kubwa". Hakuna aliyeweza kuitaja. Mmoja alidhani imefika mia moja na themanini na kitu. Mwingine alisema haikuwa lazima aisome kwa kuwa uso wa mama ulitosha. Jibu hilo la pili lilimfurahisha mwongozaji kuliko lilivyostahili. Uso wa mama unatuambia kwamba kuna kilichozidi, lakini hautuambii kimezidi kiasi gani, na filamu nzima inasimama juu ya kiasi hicho.

Kasoro zilikuwa nyingi na zilishikana. Namba iliyokusudiwa kusomwa ilikaa fremu 14 tu, nusu sekunde na kidogo, na katika nusu sekunde hiyo jicho lilikuwa limeitwa kwingine na uso uliokuwa ukigeuka. Urefu wa tarakimu ulikuwa pikseli 40 katika picha yenye pikseli 1,080 kwenda juu. Kwenye simu iliyolazwa, ambayo kimo cha kioo chake ni kama sentimita saba, hizo ni milimita mbili na nusu hivi. Tena namba yenyewe ilichaguliwa bila kuangalia umbo lake, jambo ambalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu si wachoraji wengi wanaolifikiria.

Tarakimu za mizani za aina hii huundwa kwa vijiti saba vya taa. Moja hutumia vijiti viwili, saba hutumia vitatu, nne hutumia vinne. Mbili, tatu na tano hutumia vitano kila moja. Sifuri, sita na tisa hutumia sita, na nane huviwasha vyote. Maana yake ni kwamba sifuri, sita na tisa zinatofautiana na nane kwa kijiti kimoja tu. Ukiziweka ndogo, ukaziongezea mng'ao unaovujisha mwanga pembeni, kijiti hicho kimoja kinamezwa, na 136.84 inageuka kuwa moja inayofuatwa na madonge mekundu. Timu ilibadilisha uzito kuwa 147.2. Nne na saba zina vijiti vichache na maumbo yasiyofanana, hivyo hata aliyetazama kwa kona ya jicho anaona kwamba hapo baada ya moja hapana sifuri mbili. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora zaidi katika kazi yote, ingawa haukugharimu chochote.

Desimali ya pili nayo iliondoka, na sababu yake haikuwa usomaji peke yake. Mizani ya jukwaa ya kilo 300 iliyogawanywa sehemu 3,000, ambayo ni ya kawaida katika biashara, husoma kwa hatua ya gramu 100. Haiwezi kuonyesha gramu 40 za mwisho. Mtazamaji wa kawaida hatalijua hilo, lakini mpima mazao atalijua, na mpima mazao ndiye aliyetengenezewa filamu hii.

Jinsi namba inavyotulia

Kosa kubwa la toleo la kwanza, hata hivyo, lilikuwa katika mwendo. Kaunta inayopanda kwa ulaini kutoka sifuri hadi mwisho ni mwendo wa pampu ya mafuta, ambapo kitu kinaingia kidogo kidogo. Gunia haliingii kidogo kidogo, linatupwa. Vihisio vya uzito vilivyo chini ya jukwaa hupinda kwa kiasi kidogo sana, upinzani wa umeme ndani yake hubadilika, na kifaa hukusanya vipimo kadhaa na kuvitafutia wastani kabla ya kuandika namba. Gunia linapotua kwa kishindo, jukwaa hupokea nguvu inayozidi uzito wenyewe, hurudi juu, hushuka tena, na namba hupita juu ya ukweli, ikaanguka chini yake, ikaukaribia, mpaka tofauti kati ya vipimo inapokuwa ndogo kiasi cha kifaa kuwasha kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba kimetulia. Kabla ya kitaa hicho kuwaka, mpimaji mwenye uzoefu hasomi kitu.

Mchoraji alipelekwa kuiangalia mizani halisi ikifanya kazi, na aliporudi alifuta kaunta yote. Katika toleo la pili gunia linatua fremu ile ile ya 10, na skrini inaandika thamani chache tu, kila moja ikikaa fremu nne: 61.5, kisha 158.4, kisha 139.8, kisha 150.1, kisha 146.6. Kwenye fremu ya 30 inafika 147.2 na haiondoki. Kitaa kinawaka fremu ya 36. Namba ya kweli sasa inakaa zaidi ya fremu 40 ndani ya shoti ya urefu ule ule, na tarakimu zimekuzwa hadi pikseli 150 baada ya kamera kusogezwa karibu. Kichwa cha mama kinageuka baada ya kitaa, si kabla yake. Hakuna sekunde iliyoongezwa popote. Zilizokuwapo zimegawanywa upya.

Kuna faida nyingine ambayo haikutarajiwa. Tarakimu zilizobadilika kila fremu zilionekana zimebandikwa kutoka filamu nyingine, kwa kuwa kila kitu kilichozizunguka kilibadilika kila fremu mbili. Wachoraji walikuwa wamejaribu kuzitibu kwa rangi, kwa vumbi juu ya kioo, hata kwa kuzipotosha kidogo, na hakuna kilichosaidia kwa sababu ugonjwa haukuwa wa rangi. Zilipoanza kubadilika kila fremu nne ziliingia kwenye mapigo ya michoro ya mkono. Kanuni waliyobaki nayo ina masharti: skrini iliyo mkononi mwa mhusika hufuata mwendo wa mkono, fremu mbili mbili; lakini kamera inapotembea, skrini iliyofungwa ukutani au kwenye nguzo husogea kila fremu pamoja na mandhari, la sivyo inatetemeka juu ya nguzo yake.

Toleo hili la pili ndilo lililomfumbua macho mwongozaji kwamba namba inaweza kuigiza. Katika mswada, mnunuzi anaposhindwa hoja anaweka mkono chini ya pembe ya gunia na kuliinua kidogo, na mama anamkemea: "Kaka, toa mkono." Hapo awali kemeo lilitangulia, skrini haikuonekana kabisa, na mtazamaji alilazimika kumwamini mama. Katika mpangilio mpya tunaona skrini peke yake. Kitaa kinazimika. 147.2 inakuwa 144.9, inakuwa 139.3, inashuka hadi 131 na kitu huku desimali ikiyumba, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kushikilia kitu kizito bila kutikisika. Kisha ndipo sauti ya mama inaingia kutoka nje ya picha, na kabla hajamaliza neno la mwisho namba inaruka kurudi juu na kitaa kinawaka. Mkono wenyewe hauonyeshwi. Mchoro mgumu wa mkono ukiinua gunia, ambao ungechukua siku nyingi, haukuchorwa, na hakuna mtazamaji aliyeuliza uko wapi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha kwamba skrini ndani ya filamu ni pambo la kuonyesha teknolojia, lijazwe michoro, mistari, miduara inayozunguka na maandishi madogo yasiyosomeka ili lionekane limejaa kazi. Mtindo huo una mahali pake, pengine kwenye chombo cha anga, ambako hakuna mtazamaji aliyewahi kukitumia kifaa hicho na hakuna wa kubisha. Mizani ya viazi inatumiwa na watu kila siku ya Mungu. Kila kitu kilichoongezwa juu ya namba moja na kitaa kimoja kingekuwa uongo, na uongo huo ungeonekana.

Simu ya mama

Skrini ya pili haikuwa na utajiri huo, ila ilikuwa na mitego. Mama ana kiswaswadu, na anapokea na kutuma pesa kwa menyu ya nyota na reli. Ujumbe mmoja wa menyu ya aina hiyo unaweza kubeba herufi 182, na kampuni huzijaza karibu zote. Mtu anayesoma maandishi ya chini ya filamu kwa raha husoma herufi zipatazo 15 kwa sekunde; menyu iliyojaa ingehitaji sekunde 12 za kukodolea macho kioo cha simu, na shoti ilikuwa na sekunde mbili. Timu iliandika mistari mitatu inayosomeka, mstari unaohusika ukiwa wa kwanza, na iliyobaki ikawa vistari vya kijivu vilivyokatwa na ukingo wa kioo kana kwamba menyu inaendelea chini. Jina la mtandao na namba ya menyu vilibuniwa, kama inavyopaswa.

Mtego ulikuwa kwenye namba ya siri. Mchoraji aliweka nyota nne, kama inavyofanyika kwenye programu za simu janja. Wakala mmoja wa pesa aliyeonyeshwa kipande hicho alisema papo hapo kwamba kwenye simu nyingi za vitufe namba ya siri unayoiandika kwenye menyu inaonekana wazi, na ndiyo maana wateja wake hugeukia ukutani. Nyota zikaondolewa, na mama akapewa kiganja cha kufunika kioo. Kiganja hicho kimeleta tabia ambayo mswada haukuwa nayo: mwanamke huyu ni mwangalifu tangu zamani, hakuanza kuwa mwangalifu baada ya kununuliwa mizani.

Saa ya simu ilizua mjadala mfupi. Lori linafika alfajiri, simu inaonyesha 05:50 na mama anasema, "Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi hii, mmewahi." Mhariri, akiwafikiria watazamaji wa nje, alitaka saa ifutwe. Iliachwa, na nadhani ni sawa, kwani hakuna Mtanzania anayekwama hapo, na anayesoma tafsiri chini ya picha ataandikiwa saa anayoielewa.

Ubao wa Makambako

Skrini ya tatu inaonekana karibu na mwisho, lori linapopanda mizani ya Makambako likielekea Dar es Salaam. Dereva, ambaye si mnunuzi, ameambiwa amebeba magunia 90 ya kilo 100. Lori lake la ekseli mbili (ekseli ni mhimili unaobeba magurudumu) lina tani 6.2 likiwa tupu, hivyo kwa hesabu yake ana kilo 15,200, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, gari la ekseli mbili linaruhusiwa tani 18. (Kikomo cha juu kabisa, tani 56, ni cha magari ya ekseli saba.) Ubao unawaka: ekseli ya mbele 6,980, ya nyuma 12,460, jumla 19,440.

Namba hizo zilikokotolewa kutoka kwenye 147.2 ya mwanzo. Magunia 90 ya uzito huo ni kilo 13,248. Ukiongeza lori unapata 19,448, nayo ikashushwa hadi 19,440 kwa sababu mizani kubwa kama hiyo husoma kwa hatua za kilo 20 au zinazokaribia hapo, wala haisomi kilo moja moja. Bila shaka magunia 90 hayawezi kulingana hadi gramu, lakini mtazamaji mwenye kalamu akikokotoa atakuta hesabu inakubali, na watazamaji wenye kalamu wapo.

Jambo lililohitaji tahadhari hapa ni kumeta. Mchoraji aliifanya jumla imete kwa wekundu mkali, ikiwaka na kuzimika kila fremu mbili, yaani mara sita kwa sekunde, ikiwa imejaza zaidi ya nusu ya picha. Hili si suala la ladha. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi cha katuni cha televisheni nchini Japani kilirusha mimeto ya haraka ya rangi nyekundu na bluu, na watu wapatao 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali kwa degedege na dalili zinazofanana nayo. Miongozo ya usalama wa picha inayotumika leo huweka kikomo cha mimeto mitatu kwa sekunde na huuchukulia wekundu uliokolea kwa ukali zaidi. Ubao sasa unawaka fremu 12 na kufifia fremu 12, mara moja kwa sekunde, na haufiki giza kabisa. Umekuwa mzito zaidi kuutazama, kwa maana nzuri.

Kilichobaki ni karatasi ya hesabu. Baada ya uzito kubadilishwa kutoka 136.84, timu iligundua kwamba namba ile imetawanyika kila mahali: kwenye skrini ya mizani, kwenye sentensi ya binti anayesema "kilo arobaini na saba za bure", kwenye ujumbe wa malipo ya ziada katika simu ya mama, na kwenye ubao wa Makambako. Ikatengenezwa jedwali moja ambamo uzito wa gunia, idadi ya magunia na uzito wa lori vinaandikwa mara moja, na skrini zote zinachukua humo.

Jedwali hilo lilipata kazi mapema kuliko walivyodhani. Mchoraji wa lori, aliyechoka kuchora magunia, aliomba yapunguzwe hadi 80, na mwongozaji hakuona tatizo. Namba mpya ilipotoka ilikuwa 17,980, chini ya tani 18. Ekseli ya nyuma peke yake ndiyo ingebaki juu ya tani 10 inazoruhusiwa, na kulielewa hilo kungemtaka mtazamaji asome namba mbili na kukumbuka kikomo cha ekseli, ndani ya shoti ya sekunde mbili na nusu. Magunia yakabaki 90, na mchoraji wa lori akaongeza safu ya juu.